Spika za Sinema ya Nyumbani: Nini cha Kununua Ukiwa Rungwa

Sinema ya nyumbani ni televisheni, chanzo cha filamu, amplifaya, spika na umeme, vikishirikiana hadi mtu aliyekaa kwenye kochi lake asikie kila neno bila kuinuka mara kuongeza sauti, mara kuipunguza. Madukani amplifaya na spika zake huuzwa pamoja kwa jina la sabufa, japo sabufa yenyewe ni lile kasha moja la sauti nzito. Hapa mkusanyiko wote utaitwa seti, na kasha hilo peke yake ndilo litakaloitwa sabufa.

Rungwa ni njiapanda. Barabara inayotoka Mbeya kupitia Chunya na Makongolosi ikifika hapo hugawanyika: mkono mmoja unakwenda Itigi na kuendelea upande wa Singida, mwingine unakwenda Ipole, Sikonge na Tabora. Jirani yake ni Pori la Akiba Rungwa, lililotengwa mwaka 1951. Anayetaka seti ya maana huifuata mjini au huiagiza kwa basi, na ikimkataa, nauli ya kuirudisha ni juu yake. Mtu wa Kariakoo anaweza kununua leo na kubadilisha kesho. Wa Rungwa hana nafasi hiyo, kwa hiyo inambidi ajue anachokitafuta kabla hajatuma pesa.

Msimamo wa makala hii ni mmoja. Pesa ianzie kwenye spika mbili nzuri za mbele na kwenye umeme unaotulia. Idadi ya spika, wati zilizoandikwa kwenye boksi na taa za rangi zinazocheza na muziki vije baadaye, au visije kabisa.

Filamu inafika na sauti ya namna gani

Kabla ya kuchagua spika, angalia kwanza utasikiliza nini. Katika nchi yetu filamu yenye sauti ya msimulizi ni ya zamani kuliko televisheni. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzitembeza kwa gari Tanganyika na nchi za jirani. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri na kupigwa sambamba na picha. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, Bara ikachelewa hadi 1994. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo king'amuzi kikawa chombo cha lazima.

Vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu kwa kiingilio, navyo vilirudisha msimulizi. Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Gaspar Mukandala, ni miongoni mwa waliotangulia kuzitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, na upande wa Kenya DJ Afro amejizolea wapenzi wengi kwa kazi ya aina hiyo. Kwa kawaida sauti ya mtafsiri hulazwa juu ya sauti ya awali, ile ya awali ikishushwa anapozungumza, kisha faili hubanwa ili liingie kwenye flashi. Likitoka hapo lina njia mbili za sauti, kushoto na kulia, na mara nyingi njia zote mbili zimebeba kitu kilekile.

Hesabu sasa kinachochezwa kwenye sebule ya kawaida ya Rungwa: mpira na tamthilia kutoka kwenye king'amuzi, filamu zilizotafsiriwa zilizoingizwa kwenye flashi, Bongo Movie, nyimbo. Karibu vyote ni vya njia mbili, na karibu vyote uhai wake uko kwenye maneno. Mtangazaji wa mpira asiposikika vizuri, hakuna mngurumo wa sabufa utakaokufidia.

Mfumo wa 5.1 ni habari nyingine. Hapo filamu hubeba njia tano za sauti kamili (kushoto, katikati, kulia, nyuma kushoto na nyuma kulia) pamoja na moja ya sauti nzito tu, ambayo ndiyo hiyo "nukta moja". Dolby Digital, iliyoeneza mpango huo, ilianza kwenye majumba ya sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns, kisha DVD ikaufikisha sebuleni. Mwaka 2012 ikaja Dolby Atmos, inayoongeza sauti za juu ya kichwa. Ukitazama diski halisi au filamu za mtandaoni zenye njia zote sita, na amplifaya yako inaweza kuzifasiri, utasikia helikopta ikipita kutoka nyuma yako kwenda mbele. Vinginevyo spika tano unazozitundika ukutani zinagawana njia mbili zilezile. Kujua ni rahisi. Geuza seti utazame nyuma. Kama pana matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe, na hakuna tundu la HDMI wala la waya wa mwanga, hiyo ni seti ya njia mbili yenye spika nyingi. Muuzaji atakwambia ni 5.1, na kwa hesabu ya makasha atakuwa sahihi.

Wati za kwenye boksi

Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa, tena kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Chukua boksi lililoandikwa wati 12,000. Umeme wa Tanesco ni volti 230. Ukigawa 12,000 kwa 230 unapata ampea 52. Plagi ya pini tatu za mraba tunayotumia ina fyuzi isiyozidi ampea 13, na 13 mara 230 ni wati 2,990. Kwa hiyo seti hiyo ingekuwa kweli, ingeunguza fyuzi kabla hujapata nafasi ya kukaa. Hesabu hii haihitaji fundi, na unaweza kuifanya kwa simu ukiwa palepale dukani.

Kinachoandikwa kwenye boksi ni PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja, ambacho kila kiwanda hukivuta kinavyotaka. Kipimo cha kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Kisipoandikwa, soma kibandiko cha nyuma kinachotaja matumizi ya umeme. Seti inayokula wati 40 ukutani haiwezi kuendelea kutoa zaidi ya 40, na kwa kuwa sehemu ya umeme huo hugeuka joto, inatoa pungufu ya hapo. Fundi akikufungulia moja ya seti ndogo za bei nafuu, kuna uwezekano mkubwa utaona chipu nyeusi yenye miguu mitano iliyobanwa kwenye kipande cha aluminiamu cha kupoozea, imeandikwa TDA2030 au TDA2030A. Ni chipu ya siku nyingi, imara, na mafundi wanaijua. Uwezo wake ni wati 14 hadi 18 tu kwa moja.

Hata hivyo wati hizo chache hazipaswi kukukatisha tamaa. Spika hupimwa kwa wepesi wake wa kugeuza umeme kuwa sauti: inalishwa wati moja, na kipimo cha desibeli kinawekwa mita moja mbele yake. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa desibeli 86 hadi 90. Chukua ya 88. Ukiipa wati 10 inafika 98. Ukikaa mita tatu kutoka kwake unapoteza takriban 10, unabaki na 88. Mtu anayezungumza kwa kawaida mita moja kutoka kwako ni desibeli 60 hivi. Wati 10 za kweli, basi, zinatosha kumfanya bibi aliyelala chumba cha pili aamke na kuuliza kulikoni.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida kidogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati mara kumi. Spika ya desibeli 93 inapiga kwa wati 10 sawa na ya 87 inayokula wati 40. Mwenye sola asome sentensi hiyo mara ya pili.

Spika yenyewe

Ndani ya spika kuna koili ya waya mwembamba iliyozungushwa katikati ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili inasukumwa mbele na nyuma, nayo inaisukuma koni ya karatasi au plastiki, koni inaisukuma hewa. Koni pana husukuma hewa nyingi, hivyo hufaa kwa sauti nzito, lakini ni nzito mno kuufuata mlio mwembamba. Kwa sababu hiyo spika bora ya mbele huwa na koni mbili: moja ya inchi 4 hadi 6.5, na twita ndogo juu yake.

Twita si pambo. Herufi kama s, sh, f na ch huishi juu ya hezi 2,000, nyingine zikipanda hadi 8,000 na zaidi. Spika ndogo za plastiki zinazokuja na seti nyingi zina koni moja ya inchi 3 na kidoa cha rangi ya fedha katikati kinachofanana na twita. Cheza taarifa ya habari kwenye spika hizo: msomaji anasikika kama mtu aliyefunika mdomo kwa kanga. Watu wakiona hivyo huongeza sauti, badala ya maneno kuwa wazi kelele inazidi, na wanaolala wanalalamika. Tatizo ni twita iliyokosekana, halimalizwi kwa kuongeza wati.

Kasha lenyewe ligonge kwa kifundo cha kidole. Likitoa mlio mfupi mkavu, ni zuri. Likivuma kama debe tupu, litaongeza mvumo wake kwenye kila filamu utakayotazama. Mbao zilizoshindiliwa ni bora kuliko plastiki, ila zikilowa huvimba, kwa hiyo zisikae chini kwenye sakafu inayopigwa deki kila asubuhi.

Soma pia ukinzani ulioandikwa nyuma, kwa kawaida omu 4, 6 au 8. Amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 8 ikifungwa spika ya omu 4 inalazimika kutoa mkondo mkubwa zaidi, ikachemka. Kosa linaloua amplifaya nyingi ni kuunganisha spika mbili za omu 4 kwenye tundu moja, waya kwa waya, ili "ukumbi mzima usikie". Hapo ukinzani unashuka hadi omu 2. Chipu huanza kunuka dakika chache baadaye.

Kwa mwenye bajeti ya kati, ninaloliona bora kuliko seti mpya ya makasha sita ni jozi ya spika za mtumba zilizotoka Ulaya, Japani au Dubai, zile za redio za mezani zenye kasha la mbao, zikifungwa kwenye amplifaya ndogo ya kisasa. Kuzipima si kazi. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza ndani, koili imeungua au imehama, iache. Tazama ukingo unaoishika koni: wa raba hudumu, wa sponji huoza na kumeguka hata kama spika haikuwahi kupigwa kwa nguvu. Ukiwa na mita, spika ya omu 8 itasoma 6 au 7, nayo ni sahihi kwa kuwa mita hupima waya wa koili peke yake. Huna mita? Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha waya zake kwenye spika sekunde moja. Koni itaruka. Ikiruka kwenda mbele, ule upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika, uwekee alama. Spika mbili zikifungwa moja chanya na nyingine hasi, sauti nzito hupotea na maneno hayajulikani yanatokea wapi.

Sauti nzito

Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, na kadiri umri unavyokwenda kikomo cha juu kinashuka. Sabufa kazi yake ni kuanzia hapo chini hadi hezi 80 au 120. Hapo ndipo zilipo ngurumo, milipuko na ngoma. Sabufa ya inchi 5 au 6.5 ya seti ndogo haishuki sana chini ya 50, na kinachowafurahisha watu ni mvumo wa karibu na 80 hadi 100, unaotikisa vikombe kwenye kabati. Kwa singeli si mbaya. Kwa filamu unachosha baada ya nusu saa, hasa sauti ya mwanaume inapotoka kama anaongea ndani ya pipa. Ukitaka mlipuko wa kweli tafuta koni ya inchi 8 au 10 ndani ya kasha kubwa, au kubali kuukosa.

Kwa upande huo Rungwa ina mshindi ambaye hakuna duka linalomuuza. Tembo wa porini huko huwasiliana kwa miungurumo ambayo sehemu yake iko chini ya hezi 20. Utafiti wa Katy Payne katika miaka ya 1980 ndio uliofumbua jambo hilo, na sauti hizo huweza kusikiwa na tembo wenzao kilomita kadhaa mbali.

Mahali pa kuweka sabufa panabadilisha sauti kuliko kitufe chochote. Chumba chenye urefu wa mita 4 huitikia sana hezi 43, chenye mita 3 huitikia 57, kwa sababu wimbi la sauti hujirudia kati ya kuta mbili zinazotazamana. Matokeo yake kochi moja linapata besi ya kupasua kifua na kiti cha pembeni hakipati kitu. Weka sabufa kwenye kochi unalokalia, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama kando ya kuta. Pale utakapoisikia besi ikiwa sawa, haivimbi wala haipotei, ndipo sabufa ikae. Majirani wakichungulia dirishani, waambie ni fizikia. Kwenye kona itavuma zaidi, na wenye sabufa dhaifu hupenda hivyo.

Amplifaya na nyaya

Amplifaya za kisasa za daraja D hugeuza zaidi ya asilimia 85 ya umeme kuwa nguvu ya spika, tofauti na chipu za zamani zinazopoteza karibu nusu kwa joto. Bodi zenye chipu ya TPA3116 zinapokea volti yoyote kuanzia 4.5 hadi 26, kwa hiyo hufungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 bila inveta. Hicho ni kitu kidogo, kinakaa kwenye kiganja. Kwa sebule ya kijijini kinatosha kabisa.

Nyaya zisikupotezee muda wala pesa, ila usichukue zile nyembamba kama uzi. Waya wa milimita za mraba 0.5, ukivutwa mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa omu 0.7, na kwa spika ya omu 4 hiyo ni sehemu kubwa. Wa 1.5 unashusha hadi 0.23. Kwaruza ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa.

Kutoka kwenye televisheni, njia bora ni HDMI yenye alama ya ARC ikiwa vyombo vyote viwili vinayo. La sivyo tumia waya wa nyekundu na nyeupe. Bluetooth inarahisisha mambo lakini huchelewesha sauti, mara nyingi sehemu ya kumi hadi ya tano ya sekunde au zaidi. Kwenye Bongo Movie utaona mdomo umefunga na neno ndiyo kwanza linafika. Kwenye filamu iliyotafsiriwa hutagundua, kwa kuwa midomo na maneno havikuwahi kupatana tangu mwanzo.

Umeme

Nyumba yenye umeme wa gridi ina adui wawili, volti inayopanda na kushuka, na radi. Kinga ya volti ya bei ya kawaida humudu wa kwanza. Wa pili, hasa kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zinaponyesha, hamudiwi na kifaa cha dukani. Dawa ni kuchomoa plagi, na kuchomoa vilevile kebo ya dishi, kwani wengi huchomoa ukutani wakaiacha radi iingie kupitia king'amuzi.

Mwenye sola apige hesabu kabla ya kununua. Televisheni ya inchi 32 hula wati 40 hivi, king'amuzi 10, seti kwa sauti ya kawaida 30. Jumla 80. Kwa saa nne za jioni ni wati-saa 320, ukiongeza zinazopotea kwenye inveta ni karibu 380. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inahifadhi 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaifupishia maisha, kwa hiyo una 600 za kutumia. Paneli ya wati 150, kwa jua la saa tano na upotevu wa njiani, inarudisha 500. Inatosha, na simu za familia zinachajiwa. Seti kubwa inayokula wati 150 itazima katikati ya filamu.

Ikiwezekana chagua televisheni na seti zenye tundu la volti 12, zile zinazokuja na waya mwekundu na mweusi, ili inveta isihusike. Inveta za bei ya chini hutoa umeme ambao wimbi lake ni la ngazi badala ya kuwa laini, na seti zenye trafoma huujibu kwa mvumo wa "mmmm" usiokwisha hata ukipunguza sauti. Wengi humpelekea fundi seti nzima kumbe ugonjwa uko kwenye inveta.

Chumba

Piga makofi mara moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio wa kengele ukifuata, kuta tupu na sakafu ya saruji zinairudisha sauti, na spika yoyote utakayoleta itasikika imechanganyikiwa. Mapazia mazito, makochi ya kitambaa, mkeka mnene au zulia, na godoro lililosimamishwa ukuta wa nyuma hufanya kazi kubwa kuliko spika mbili za ziada. Magunia ya mahindi au alizeti yanayosubiri bei nzuri, ukiyapanga pembeni, nayo yanameza sauti vizuri tu.

Kitu kisicho na dawa ya spika ni bati. Mvua kubwa ikipiga bati lisilo na dari hakuna maneno yanayosikika. Kabla ya kununua sabufa ya pili, piga dari.

Spika mbili za mbele zisimame kimo cha masikio ya aliyekaa, si juu ya kabati na si chini ya meza. Umbali kati yake ulingane na umbali wako kutoka kwa kila moja: zikiachana mita 2, kaa mita 2 kutoka kila upande. Televisheni ikae katikati. Vumbi la barabarani ni jingi kiangazi, zifunike kwa kitambaa chepesi zikiwa zimezimwa, na tundu la hewa la sabufa liwekee wavu, maana panya na mende hupaona ni nyumba nzuri.

Majirani nao wamo kwenye hesabu. Besi hupenya ukuta wa tofali kuliko maneno, hivyo wa jirani hasikii filamu, anasikia mapigo tu. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, zinatofautisha kiwango cha mchana na cha usiku. Na atakayefikiria kuanza kutoza kiingilio, ajue kwamba ameacha sinema ya nyumbani na ameingia kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya 1976, inayodai kibali.

Kununua na kusafirisha

Nenda dukani na flashi yako mwenyewe. Iwe na filamu moja iliyotafsiriwa, taarifa ya habari, na wimbo mmoja unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Mwombe muuzaji azime taa za rangi, aweke besi na twita katikati, kisha asogee. Anza na taarifa ya habari kwa sauti ya chini kabisa. Seti ambayo maneno yake yanaeleweka kwa sauti ya chini ndiyo ya kuulizia bei. Halafu pandisha sauti hadi robo tatu: ikianza kukoroma, huo ndio mwisho wake, haijalishi boksi linasema nini. Ukiagiza kwa simu, omba ndugu aliyeko mjini akufanyie hivyo hivyo, na akupigie picha kibandiko cha nyuma.

Barabara nayo ni mtihani. Sumaku ya spika ni nzito na imeshikwa kwa gundi, mtikisiko wa saa nyingi ukiihamisha kidogo tu, koili inabanwa na spika imekufa kabla ya kuimba. Isipande juu ya keria wala isikae chini ya mizigo ya watu. Jaza nguo ndani ya boksi pasibaki nafasi, na ukiweza ibebe miguuni. Ikifika, iwashe siku hiyohiyo mbele ya mtu mwingine, ipigwe saa nzima. Boksi na risiti usivitupe hadi garantii iishe.